Mji Usiotiwa Kiraka

Tusekile analala mchana kweupe, ameketi, mkoba mapajani, kwenye benchi la korido ya chuo, nje ya mlango wa mshauri wa wanafunzi. Hakukusudia. Yeye si mtu wa kulala ovyo. Ni afisa ugani wa miaka ishirini na mmoja kazini, mwenye stashahada ya kilimo na watoto watatu aliowalea karibu peke yake, na kwake usingizi wa mchana ni wa wagonjwa na wa paka. Lakini yuko safarini tangu jana, ametoka Tukuyu, na tangu asubuhi karani anamwambia mshauri anakuja, mama, anakuja, na neno likirudiwa sana hivyo humbembeleza mtu kama mtoto mgongoni. Kilichomleta ni kimoja tu: kitinda mimba wake, Lugano, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufundi wa maji, ambaye hajaonekana darasani tangu muhula uanze. Wenzake wa bwenini wamesema amehamia kwa wale. Wale akina nani? Wale wa mapinduzi, mama, wa kile kikundi cha kusoma, ila siku hizi hawasomi tena, wanakaa pamoja wanangoja. Wanangoja nini? Wasichana wakatazamana, mmoja akacheka kidogo, akasema, sisi hatukuelewa, ndiyo maana tuko hapa. Basi kichwa cha Tusekile kinamwangukia kifuani, na mlango wa mshauri unafunguka wenyewe, na nyuma yake hakuna ofisi, kuna barabara.

Anaingia, kwa sababu amechoka kukaa. Barabara ni ya changarawe, pana, imenyooka, na mbingu juu yake ina ile rangi ya kunapokaribia kucha, rangi ya dakika tano kabla jua halijachomoza. Anatembea akitazamia litoke. Halitoki. Kandokando kuna vibao vya maili, na kila kibao kimeandikwa Bado Kidogo, na baada ya Bado Kidogo ya tatu anaanza kutembea kama mtu anayejua anadanganywa ila hana njia nyingine. Anapita daraja, halafu analipita tena daraja lile lile, halafu barabara inapinda bila yeye kupinda, na kwenye pindo amesimama mtu mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Uso hana. Pale uso unapokaa pamekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika kufulia mwezi mzima. Karibu, Ndugu Mama, anasema mtu huyo, na sauti yake inatoka vizuri tu, kama ya mtangazaji. Mimi si ndugu yako, anajibu Tusekile, ndugu zangu nawajua kwa majina na kwa ulevi wao. Namtafuta binti yangu. Yuko wapi? Yuko mahali ambapo wa mwisho watakuwa wa kwanza, anasema yule. Hilo nimelisikia kanisani. Hapana, Ndugu Mama, hili letu ni la kisayansi. Tusekile anamtazama pale ambapo macho yangekuwa. Amekulia Moravian, babu yake alikuwa mzee wa kanisa, na mtu akianza kusema hivyo yeye humngojea tu apitishe kikapu cha sadaka. Nipeleke aliko, anasema. Kitendawili, anasema yule, ambaye sasa ndiye kiongozi wake. Sina muda. Kitendawili! Basi tega, anasema Tusekile, maana mazoea ni mazoea. Nina mgeni aliyeaga kwao zamani, kila asubuhi namtandikia kitanda, shuka zimechakaa kwa kufuliwa na bado hajazilalia. Mgeni huyo hana adabu, anasema Tusekile, angepiga simu. Sivyo. Ni kifo? Sivyo, kifo huja. Umeshindwa, nipe mji. Hapo Tusekile anaelewa kwamba safari yote ilikuwa ikielekea neno hili, na hatoi Mbeya wala Dodoma, anasema, nakupa mji huo huo alioko mwanangu. Nimeupokea, anasema kiongozi, na mji unatokea pembeni mwa barabara kama vile ulikuwa umejificha nyuma ya suti yake. Jibu la kitendawili hatoi.

Ni mji wa bati na matofali ya udongo, mkubwa, umeinama upande mmoja. Mapaa yanavuja, ngazi hazina vidato, mlango wa kwanza anaougusa unabaki mkononi mwake. Madirishani hakuna vioo vya kuonea nje. Kuna vioo vya kujitazamia. Na katika kila kioo mji ni mwingine. Nyumba ile ile, lakini imepakwa rangi. Barabara ile ile, lakini ina miti. Watoto wale wale, lakini wamenenepa na wana viatu. Mwanamke mmoja anapiga mswaki mbele ya kioo, kinywani amebakiwa na meno manne, kiooni yuko na thelathini na mawili, na anasugua yale ya kiooni kwa uangalifu mkubwa. Siku inakuja! anamwambia Tusekile bila kugeuka. Siku gani? Mwanamke anapaliwa na povu. Kiongozi anamnong'oneza, unatakiwa ujibu Ije. Ije, anasema Tusekile, na mwanamke anatulia. Njia nzima ni hivyo, Siku inakuja, Ije, Siku inakuja, Ije, mpaka ulimi unasema wenyewe. Na hapa inafaa isemwe wazi kwamba Tusekile si mgeni wa maneno haya. Alikuwa na miaka kumi na sita alipobeba bunduki ya mbao kwenye uwanja wa halaiki, akaimba kwamba unyonge umekwisha, akalia machozi ya kweli, na wasichana mia tatu pembeni yake wakalia naye. Utamu ule haukuwa uongo. Hajawahi kuupata tena, hata siku ya ndoa yake. Ndiyo maana hawacheki watu hawa kama ambavyo angeweza kuwacheka. Anawatazama kama mtu aliyeacha pombe anavyoitazama chupa ya mwenzake, kwa uchovu, akijua ladha.

Wanapita ghala. Ghala lina mlinzi, na mlinzi hana uso. Ndani mna mbegu, anaeleza kiongozi kwa fahari, mbegu bora, zinangoja Siku, maana ardhi ya sasa imechafuliwa na umilikaji na haistahili. Tusekile hawezi kupita mbegu. Anamsukuma mlinzi kwa kiwiko, anachota konzi, anapuliza, na kilichobaki kiganjani ni maganda na fukusi wawili wanaotembea kwa starehe. Hizi zimekufa, anasema. Zinasubiri, anasema kiongozi. Baba, nimefundisha wakulima kuhifadhi mbegu tangu kabla hujapoteza pua, nakwambia hizi zimekufa, zilitakiwa ardhini misimu mingi iliyopita. Ukipanda kabla ya Siku, anasema kiongozi kwa upole wa mwalimu wa kipaimara, watu watakula, wakila watatulia, wakitulia Siku itachelewa. Kila kiraka ni usaliti. Na bati linalovuja? Kila kiraka, Ndugu Mama. Na daraja likivunjika? Mahali pa uso wa kiongozi panang'aa kwa kitu kinachofanana na furaha. Sasa Tusekile anaanza kuharakisha, kwa sababu anamjua mwanawe. Lugano ni mtoto ambaye akiwa na miaka sita alifungua redio ya baba yake ikiwa inaongea. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi wiki katika mji huu bila kutengeneza kitu. Binti yangu amefanya nini? anauliza. Kiongozi anasema, amewanyima watu kiu.

Habari anaipata kwa wanawake wanaopika nje ya ukumbi. Ni wengi, wamechutama kwenye moshi, masufuria makubwa ya ugali wa mkutano, na hawa nyuso wanazo, zimeungua kidogo lakini zipo. Mmoja wao, mnene, mwenye kanga kiunoni, anamwambia, wewe ndiwe mama yake Lugano? Nilijua, mnatembea kama mnakwenda kugombana. Anaitwa Bi Sikudhani, na anaongea huku anasonga. Kisima cha mji kina maji, lakini kamba yake ilikatika zamani, na Baraza la wakubwa wa hapa likasema iachwe, kiu iwakomaze watu. Basi sisi tunakwenda mtoni, kwenda na kurudi. Akaja binti yako, akaitazama kamba, akaiunga. Tukateka maji siku nzima, mama, tukaoga hadi kwenye vidole. Baraza likaikata. Akaiunga. Wakaikata. Akaiunga ya tatu. Sasa wamemwita ndani akajikosoe. Na mtu akijikosoa? anauliza Tusekile. Bi Sikudhani anaonyesha kwa mwiko uso wa kiongozi. Kila ukikiri, kinaondoka kimoja. Kwanza vitu vidogo, kovu, kidoti. Mwishoni unapumzika kabisa, wanasema ni raha, huna tena cha kukujulisha wewe nani. Na nyinyi mbona nyuso mnazo? Sisi hatuitwi, anasema Bi Sikudhani, tungeitwa nani angepika? Wametuambia kazi hii ni ya muda tu, mpaka Siku. Muda gani umepita? Wanawake wote wanacheka kwa pamoja, kicheko kikavu, na mmoja nyuma anasema, mimi nilizaliwa hapa kwenye hili jiko.

Ukumbi una mabenchi, na Tusekile anapoona mabenchi anajua yuko wapi. Kuna kwaya upande wa kushoto. Kuna Kitabu kwenye kitambaa. Kuna picha za Waasisi ukutani, taa mbele ya kila picha, na katika picha hizo hakuna nyuso, kuna kola tu na mabega. Nyuma ya meza kuna ubao wenye tarehe nyingi zilizofutwa, tarehe ambazo Siku ilipaswa kuja, na mbele ya kila tarehe jina la msaliti aliyeizuia. Jina la mwisho bado chaki yake ni mbichi, ni la mwanawe. Na mwanawe amesimama pale katikati, amekonda, mikono imechubuka, na nyusi hana. Nyusi zile nene za upande wa baba yake hazipo, zimefutika, na kidoti cha bibi yake kilichokuwa chini ya jicho hakipo. Amekwisha kukiri mara mbili. Tusekile anapandwa na hasira. Anapita katikati ya mabenchi kama anavyopita kwenye mahindi ya mtu asiyepalilia. Lugano, chukua vitu vyako. Mama! anasema Lugano, na macho yake, hayo bado yapo, yanajaa. Mama, umefikaje? Kwa mguu, na kwa upumbavu wako. Twende.

Mwenyekiti wa Baraza anagonga meza. Ni mtu mrefu, amefutika vizuri sana, hata masikio yamekwisha lala. Taratibu, Ndugu, anasema. Anayeingia hujieleza kwanza. Umetoka tabaka gani? Nimetoka Tukuyu, anasema Tusekile, kupitia Uyole. Nyuma mlangoni kuna mtu anacheka. Wanawake wa jikoni wamekuja na miiko yao. Namaanisha wazazi wako walimiliki nini? Ng'ombe wawili na cherehani. Ukumbi mzima unavuta pumzi. Cherehani! anasema Mwenyekiti, na anaandika. Chombo cha uzalishaji mali. Hapo ndipo doa lilipoingia. Doa la nini? Cherehani hiyo ndiyo ilinisomesha. Ndiyo hiyo hiyo, Ndugu, ndiyo hiyo hiyo. Kisha sauti yake inalainika, na Tusekile anaitambua sauti hiyo pia, ni sauti ya mchungaji anayekaribia kuita watu mbele. Kuna njia, anasema Mwenyekiti. Kosa la binti ni mti, mzizi ni mama. Mama akikiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kutia viraka, na akatubu, binti ataachwa aende. Lugano anasema, mama, usikubali, utaondoka si kama ulivyokuja. Lakini Tusekile ni mtu wa vitendo. Uso wake una miaka hamsini na mbili na haujamletea faida kubwa. Anapanda pale mbele. Nakiri, anasema.

Nakiri nilishona sare za watoto wangu mpaka sare ikawa viraka vitupu. Nakiri baba yao alipofariki sikungoja ulimwengu ubadilike, nilikwenda kazini baada ya matanga. Nakiri nilichemsha maji kila siku, wakati nchi nzima ilikuwa inaahidiwa bomba. Nilimfundisha huyu kufunga fundo la kamba alipokuwa na miaka minane, kwa sababu mbuzi alikuwa anatoroka. Niliziba paa kwa lami. Niligombana na mwenye shamba la chai mpaka akawajengea wachumaji choo, choo tu, sikumpindua, na wachumaji wakakitumia. Anaongea na kuongea, na anavyoongea anagundua kwamba hajawahi kuyasema haya mahali popote, hakuna aliyewahi kumuuliza, na uchovu wake wote unakuwa kama mzigo unaofunguliwa kitu kimoja kimoja juu ya meza. Anajigusa pua. Ipo. Mwenyekiti anangoja. Na toba? anauliza. Toba iko wapi, Ndugu? Toba sina, anasema Tusekile. Umesema nikiri, nimekiri. Wanawake mlangoni wanagonga miiko kwenye kizingiti. Basi aseme binti, anasema Mwenyekiti, na sauti imekauka, aseme kwamba alikosea, na iishe.

Kiongozi mwenye kalamu mbili ameinama mbele. Lugano anatazama viganja vyake. Njaa ya watu hawa ni ya kweli, mama, anasema polepole, anasema na mama yake kana kwamba wako wawili tu. Sikuja hapa kwa ujinga. Nimeona wachumaji wanavyolala. Nimeona mwenye shamba anavyokula. Najua ni ya kweli, anasema Tusekile, mimi ndiye niliyekupeleka ukaone. Ndiyo maana nataka maji yatoke kisimani, sitaki wimbo kuhusu maji. Lugano anatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. Halafu anamgeukia Mwenyekiti. Sikukosea, Ndugu. Kamba ilikuwa imekatika, nikaiunga. Kwaya inaanza wimbo, inaacha. Mwenyekiti anafunga Kitabu. Basi Siku haitakujua, anasema, utatupwa nje ya mapambazuko, wewe na uzao wako. Tusekile anajua maneno hayo kwa lugha mbili, ya kanisa na ya siasa, na katika lugha zote mbili hayajawahi kumtibu mtu. Anamshika mwanawe mkono. Twende nyumbani.

Siwezi kwenda sasa hivi, anasema Lugano.

Mama yake anaketi kwenye benchi la mbele. Amevuka yote haya kwa jibu hili. Kamba wameikata tena, anasema Lugano, na safari hii wameikata vipande vinne. Bi Sikudhani na wenzake wanakwenda mtoni na mimba na migongo mibovu. Mimi siingojei tena Siku ya hawa, mama, hilo limekwisha, nakuapia. Lakini siwezi kuwaacha wale bila kamba. Nikimaliza nakuja. Na hapo Tusekile anaingiwa na hofu kubwa kuliko ya mwanzo, maana nakuja ni neno la nchi hii, ameambiwa neno hilo njia nzima, na maana yake imeandikwa kwenye kila kibao. Hataki kuuliza. Anauliza. Lini? Anangoja asikie karibuni, asikie bado kidogo, asikie muda ukifika. Lugano anahesabu kwa vidole vilivyochubuka, vipande vinne, kukausha katani, kusuka. Alhamisi, anasema.

Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kusikia siku ya wiki ikitajwa jina. Mtoto mmoja jikoni anaanza kulia. Mwenyekiti anauliza, Alhamisi ya zama gani? Hii inayokuja, Ndugu Mwenyekiti, anasema Lugano, baada ya Jumatano. Na nje, juu ya mapaa yanayovuja, jua linapanda upana wa kidole. Kidogo tu. Lakini kivuli cha mlango kinasogea sakafuni na kila mtu anakiona kinasogea, na walio karibu na vioo wanainua mikono kujikinga macho, na kwaya, kwaya nzima, inaanza kupiga kelele kwamba Lugano amewaibia mapambazuko yao. Wanamsukuma Tusekile nje. Mikono haina nguvu lakini ni mingi. Anamwona Lugano akipotelea upande wa jikoni kati ya kanga za wanawake, anamsikia Bi Sikudhani akisema, mpisheni fundi, na barabara inakunjamana chini ya miguu yake, daraja, daraja lile lile, Bado Kidogo, Bado Kidogo, na anaanguka kwa urefu wa korido.

Benchi ni gumu. Shingo inauma. Mkoba bado uko mapajani na mkanda wake umemwachia alama mkononi. Ukutani kuna ratiba ya mitihani na tangazo la chanjo. Mlango wa mshauri umefungwa. Karani amesimama mwisho wa korido, amempa mgongo, anapanga mafaili kwenye kabati, na mwanga wa dirishani ni wa saa kumi jioni au wa saa kumi na mbili asubuhi, hawezi kuupambanua. Anajaribu kukumbuka aliondoka Tukuyu siku gani. Alipanda basi baada ya kulisha kuku, hilo anakumbuka, na kuku hawana Jumanne. Mshauri amekuja? anauliza. Anakuja, mama, anasema karani. Tusekile anajilamba midomo. Samahani, mwanangu, leo ni siku gani? Karani anacheka kwa upole, bila kugeuka. Umelala kweli, mama. Leo ni Alhamisi. Hebu nigeukie kidogo, anasema Tusekile, niangalie unaponiambia. Sawa, mama, anasema karani, namalizia faili hili moja tu, bado kidogo. Na chini, kwenye ngazi, kuna mtu anapanda. Ni hatua za mtu mwepesi, aliyechoka, anayepumzika kila baada ya vidato vichache, na haijulikani ni wa hapa au ni wa kule. Tusekile hangoji zimfikie. Amekwisha ngoja vya kutosha katika dunia zote mbili. Anainuka, goti moja likilia, anaelekea kwenye ngazi.